Kimara hadi Matema, binti akiwa nyuma ya Boxer

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni baba wa miaka 36, naishi Kimara, Dar es Salaam. Nina Boxer 150 niliyoinunua mpya miaka miwili iliyopita. Naendea kazini tu, sibebi abiria. Binti yangu ana miaka 9 na nusu, yuko darasa la nne, ana kilo 25. Shule zikifungwa Juni nataka kumpeleka Matema, Ziwa Nyasa, kwa pikipiki, njiani tukilala kwenye hema. Ameniomba safari hii tangu Krismasi. Nimepiga hesabu: Dar hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi. Nikiondoka saa 10 alfajiri nalala Makambako, kesho yake jioni tuko ziwani. Maswali yangu ni matatu. Je, inawezekana? Nimfunge kiunoni kwangu kwa kitenge ili asianguke akisinzia? Na nimnunulie kofia gani, maana za bodaboda zote zinamzunguka kichwani?

Baba wa binti, Kimara

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea binti yangu, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili. Yeye ndiye abiria ninayemfahamu kuliko wote. Alikuwa na miaka 10 nilipomchukua kutoka Morogoro hadi Njombe kwa Yamaha DT 175. Wakati huo nilikuwa na miaka 9 kazini, napeleka chanjo vijijini, sanduku la baridi limefungwa nyuma. Niliamini kwamba kama nimebeba chupa za chanjo kwenye njia za mashimo bila kuvunja hata moja, basi mtoto wangu mwenyewe nitambeba salama. Sikufikiria kwamba chanjo haisinzii.

Nianze na kitenge, maana ndicho kilichonitia hofu. Usimfunge. Pikipiki ikilala chini, mtoto aliyefungwa kwako hana namna ya kujitenga na wewe wala na chombo. Mtaburuzwa pamoja, uzito wako wote juu ya kilo zake 25, mguu wake karibu na ekzosi. Halafu kitenge kina ncha. Kikilegea, ncha inafuata upepo, inaingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma, na gurudumu linaivuta nguo na aliyeivaa. Khanga, shali, mtandio, mikia ya koti la mvua, vyote ni hivyo hivyo. Chochote chenye ncha kiingie ndani ya jaketi kabla hujawasha.

Upo mkanda wa kiunoni anaovaa dereva, una vishikio viwili ubavuni, abiria anavishika kama anavyoshika vyuma vya kwenye daladala. Ukiukosa dukani, fundi wa mabegi atakushonea kwa utepe mpana wa begi la mgongoni. Huo nunua. Lakini ujue kazi yake: unampa mtoto pa kushika akiwa macho. Akilala, mikono inaachia.

Nalijua hili kwa sababu lilinitokea. Siku ya tatu ya safari yetu tulikula Mafinga, wali na maharage, saa 7 mchana. Ilikuwa Juni, jua linawaka lakini halina joto. Tukaondoka tumeshiba. Ukitoka pale barabara inapita kwenye misitu ya kupandwa ya Sao Hill, misonobari kulia na kushoto, na siku ile lori lilikuwa moja moja, injini inalia sauti ile ile dakika baada ya dakika. Hatujafika Nyororo nikasikia kofia yake imegonga mgongo wangu. Tok. Nikadhani ananiita. Ikagonga tena, polepole, halafu haikuondoka, ikabaki imeegemea. Kisha nikahisi mikono yake iliyonishika kiunoni inalegea, kidole kimoja kimoja.

Niliachia mafuta. Nikarudisha mkono wa kushoto, nikavikamata vifundo vyake viwili kwa pamoja mbele ya tumbo langu, nikaielekeza pikipiki kwenye majani ya kando. Klachi sikuweza kuigusa, kwa hiyo ilipungua kwenye gia mpaka ikazimika kwa kustuka. Ule mstuko ndio uliomwamsha. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, “Baba, sikulala. Nilifumba macho tu.” Nikamvua glavu. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chupa zangu za chanjo.

Tulikaa chini ya ile misonobari zaidi ya saa nzima. Nilimpa chai ya tangawizi, nikamvalisha sweta langu chini ya jaketi lake, na nikawa namwangalia. Hakuwa amelalamika hata mara moja tangu asubuhi. Baadaye sana, akiwa mtu mzima, aliniambia kwamba alijua amechoka tangu Iringa, ila aliogopa kusema nisije nikasema safari imemshinda. Mwanangu, shibe, baridi na sauti ya injini isiyobadilika vikikutana, mtoto analala, hata awe na furaha kiasi gani. Na hatakuambia. Ukisubiri aseme “baba nimechoka”, umeshachelewa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: Matema mwaka huu, hapana. Iringa, sawa, na kwa siku 3, siyo moja.

Najua litakuuma. Matema naipenda. Nimewahi kufika gulio la Lyulilo siku ya Jumamosi, nikaona vyungu vya Wakisi vimeletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, na binti yako anastahili kuviona. Lakini iangalie njia yenyewe. Hesabu yako ina zaidi ya kilomita 650 siku ya kwanza. Mtu mzima kwenye kiti cha Boxer akimaliza hizo, kesho yake hawezi kunyoosha mgongo. Ukivuka Makambako bado una baridi ya Uyole na ukungu wa Rungwe, ndipo ushuke Tukuyu hadi Kyela kwenye joto na mbu wa malaria, na Juni ni kati ya miezi ya mwera, ule upepo mkali wa kusini, huko ziwani. Hizo ni hali za hewa tatu kwa mwili wa kilo 25 ambao tayari umeshakaa juu ya pikipiki siku mbili. Mtoto wa umri huu, mimi namhesabia kilomita 200 kwa siku, na hizo zimalizike kabla ya saa 9 alasiri. Kila dakika 40 mnasimama, awe amechoka au hajachoka. Anashuka, anavua kofia, anatembea, anakojoa, anakunywa maji. Baada ya chakula cha mchana hamuondoki mpaka ipite saa nzima, na akitaka kulala chini ya mti, alale.

Saa 10 alfajiri usiiguse. Ni giza, mtoto umemtoa usingizini na atautafuta usingizi wake nyuma yako, halafu mabasi ya mikoani yanayoondoka stendi ya Mbezi alfajiri yatawakuta mko njiani na kuwapita kwa fujo kabla hata ya Chalinze. Ondoka saa 2 asubuhi, Jumapili ikiwezekana, mabasi yakiwa yameshatangulia. Siku hiyo lala Morogoro. Hazifiki kilomita 190 kutoka kwako. Kwenye mizani ya Vigwaza na Mikese lori hupanga mstari mrefu. Usijipenyeze kushoto kati ya lori na vichaka ili kuwahi. Dereva wa semitrela hakuoni pale, na huwa wanafungua milango bila kuangalia.

Siku ya pili ni fupi kwa makusudi, Morogoro hadi Mikumi mjini, kilomita 120 hivi. Jaza tangi Morogoro. Simameni Doma, mtoto ajisaidie na kunywa maji kabisa, kwa sababu mbele yenu kuna kama kilomita 50 za barabara inayokatiza Hifadhi ya Mikumi na humo hamsimami kupiga picha. Yeye ataona twiga na swala akiwa amekaa, na nyani watakuwa barabarani wenyewe. Mkiona tembo karibu na lami, simameni mbali, injini inanguruma, msubiri basi au lori lipite kwanza mkae nyuma yake. Vukeni kati ya saa 3 asubuhi na saa 8 mchana. Jioni na usiku wanyama wanatoka, na pikipiki haina mlango. Mikumi mjini pigeni hema ndani ya uzio wa kambi ya wageni au nyumba ya wageni yenye uwanja. Vichakani msilale, tembo hawaujui mpaka wa hifadhi.

Siku ya tatu ndiyo nzito, karibu kilomita 190. Ondokeni saa 1 asubuhi. Mtapita bonde la mibuyu kando ya Ruaha Mkuu, kuna joto pale, na Ruaha Mbuyuni mtakuta vitunguu vimepangwa barabarani kwenye ndoo na mifuko. Pumzikeni hapo muda wa kutosha. Maji ya mto yaangalieni kwa mbali, yana mamba. Halafu ndiyo Kitonga, mlima wenye kona kali. Umeipita kwa basi, bila shaka, lakini kwa pikipiki ni kitu kingine: lori la Zambia au Kongo linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, linatoa moshi mweusi usoni kwenu, na kutoka juu jingine linashuka na harufu ya breki. Usilipite kwenye kona hata kama limekupa indiketa. Kaa nyuma, mbali ya kutosha kuuepuka moshi, gia ya pili, na umwambie mtoto mapema kwamba hapa tutakwenda polepole sana. Ukirudi, shuka na gia hiyo hiyo uliyopandia. Breki za Boxer zikishapata moto mlimani zinalegea.

Kutoka kwenye mibuyu mpaka Iringa unapanda karibu mita 1,000. Watu wanavaa sweta wakishafika na kutetemeka. Ninyi vaeni Ilula, palipo na wauza nyanya. Usiku wa Juni Iringa hushuka hadi karibu nyuzi 10.

Mkifika kaeni siku mbili bila safari ndefu. Mpeleke Isimila, kilomita kama 20 kwenye barabara ya Mbeya, akatembee kati ya nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na aone zana za mawe za watu wa kale. Mpeleke Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Jioni mpande Gangilonga, jiwe linaloongea, mji wote upo chini yenu. Akiwa darasa la tano mwalimu akitaja Wahehe, yeye atakuwa na la kusema.

Sasa kofia. Wengi wenu mnaiita elementi. Kwanza chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa chake juu kidogo ya nyusi na pale nyuma kichwa kinapotokeza. Andika sentimita, nenda nazo dukani na uende naye mwenyewe. Ukimvalisha, mashavu yabanwe kidogo kama anayetaka kupuliza. Mwambie atikise kichwa “hapana, hapana”. Kofia isipozunguka pamoja na kichwa, si yake. Kisha simama nyuma yake, ishike kwa chini, jaribu kuivua kwenda mbele ikiwa imefungwa. Ikitoka, si yake. Mkanda wa kidevu upitishe vidole viwili, visizidi. Ndani kwenye mkanda tafuta kibandiko chenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. Ndiyo alama ya viwango vya Ulaya, na mimi huiamini kuliko maneno ya muuzaji. Chagua nyepesi. Shingo ya mtoto ndiyo inayoibeba siku nzima, na kofia nzito ni sababu nyingine ya kile kichwa kuegemea mgongo wako. Usimjazie kofia ya mtu mzima vitambaa ili imkae. Vitambaa vinabonyea pale pale vinapohitajika. Na ya mtumba usichukue, hata iwe inang'aa. Ikishaanguka vibaya mara moja, povu la ndani limekwisha kazi yake na kwa nje huoni kitu.

Kabla hujalipa hata senti kwa kofia, fanya jaribio moja nyumbani. Mkalishe nyuma ya pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya kati. Nyayo zote mbili zikanyage vikanyagio vya abiria bila kunyoosha vidole, na magoti yawe yamekunjika. Asipofikia, subirini mwaka ujao. Masharti ya leseni za bodaboda hapa kwetu yanakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka 9. Wewe hufanyi biashara na wa kwako ameshavuka umri huo, lakini umri peke yake hauniambii kitu mpaka nione miguu imefika. Na asikae mbele kwenye tangi, hata kwa mita 100 za kuingia getini.

Mzigo uufunge nyuma yake, umwekee egemeo: hema na magodoro ya sponji yaliyoviringishwa, yamelazwa kwa upana, yamefungwa kwa raba za tyubu kwenye keria na siyo kwenye kiti. Asibebe begi mgongoni. Vitu vizito, yaani spana, tyubu mbili, viraka na gundi, pampu ya mkono, waya wa klachi, viwe chini kwenye mifuko ya pembeni. Upepo wa tairi usipime kwa kidole. Soma kibandiko cha kiwanda, kinaandika kipimo cha dereva peke yake na kipimo cha watu wawili, na cha wawili huwa kikubwa zaidi kwa gurudumu la nyuma. Cheni icheze sentimita 2 au 3 akiwa amekaa na mzigo umefungwa, maana shokapu zikibonyea inakaza. Uzuri wa Boxer ni kwamba kuanzia Chalinze hadi Iringa hakuna mji usio na fundi wake na spea zake.

Avae suruali ya jinzi na viatu vya kufunika vifundo. Ekzosi ipo kulia, kwa hiyo mfunze kupanda na kushuka kushoto, kila mara, mpaka iwe mazoea. Angalia miundi ya watu wanaopanda bodaboda kila siku uone alama zao. Jaketi la upepo, glavu, na reflekta juu.

Halafu ule mkataba wetu tulioufanya chini ya misonobari. Kwenye barabara iliyonyooka, isiyo na gari, namgonga goti kwa mkono wa kushoto. Ananijibu kwa kunigonga mgongo mara mbili. Asipojibu, natoka barabarani bila kuuliza. Yeye akinigonga mara tatu mfululizo, nasimama mahali pa kwanza palipo salama, na siulizi kwa nini. Kwenye safari nzima iliyobaki ishara hiyo ya mara tatu aliitumia mara nne tu, na mara moja ilikuwa kwa sababu ya kinyonga aliyekuwa anavuka lami. Nilisimama.

Kuhusu hema: usiku wake wa kwanza ndani yake uwe uwanjani kwenu Kimara, ili akiogopa saa 8 usiku mlango wa nyumba uwe pale. Kisha nendeni Bagamoyo, mlale usiku mmoja, mrudi. Ni karibu, na kila mlichosahau mtakijua huko. Njiani msipige hema kando ya barabara. Ombeni uwanja wa misheni, wa nyumba ya wageni au wa shule, na kama ni kijijini nendeni kwanza kwa mwenyekiti, mjiandikishe. Uwe na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na barua fupi ya mama yake yenye namba ya simu. Mwanaume peke yake na mtoto wa kike ataulizwa, na ni haki aulizwe. Mimi niliulizwa na mama mwenye nyumba ya wageni Mikumi, akamwita binti pembeni akaongea naye kabla ya kutupa uwanja. Namshukuru mpaka leo.

Jiko msibebe. Mama ntilie wapo njia nzima. Baridi ya Iringa itakushawishi uingize jiko la mkaa hemani japo kwa dakika chache. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Watu wanalala nayo na hawaamki. Mavazi makavu ya kulalia, soksi mbili, kofia ya sufu na shuka la Kimasai juu ya blanketi vinatosha.

SWALI

Shikamoo baba. Mimi ndiye mama wa binti wa Kimara. Mume wangu alinionyesha barua aliyokuandikia. Ni dereva makini na sina shaka naye. Ila hakukuambia kwamba mtoto ana pumu. Si kali, lakini humjia wakati wa baridi na kwenye vumbi, na mara ya mwisho ilikuwa Februari. Yeye anasema imeshapona. Sitaki kuwa mtu wa kumvunja mtoto moyo. Nimkatalie?

Mama wa binti, Kimara

JIBU

Marahaba, mama. Barua yako ilifika siku 4 baada ya ile ya kwanza, nikiwa nimeshamaliza kuandika hayo hapo juu. Nilikupigia kuomba ruhusa ya kuzichapa zote mbili, ukasema nichape, umeshamwambia. Umefanya vizuri.

Kwanza, pumu ya Februari si ya zamani. Huwa inatulia ikarudi. Mpelekeni kwa daktari wake sasa, msisubiri wiki ya safari, na mumwambie mambo yote bila kupunguza: upepo wa baridi usoni saa kadhaa kwa siku, vumbi, moshi wa lori mlimani, usiku wa nyuzi 10 kwenye hema. Msiulize tu “anaweza kusafiri?” maana atafikiria basi. Akisema hapana, imekwisha, na baba mtu ndiye amwambie mtoto, asikuachie wewe.

Akisema anaweza, bado mimi mwenyewe nisingempandisha Kitonga nyuma ya lori Juni hii. Nimeona moshi ule unavyomkaba mtu mwenye mapafu mazima. Lakini sioni sababu ya mtoto kukosa hema lake. Fanyeni hivi. Baba aondoke na Boxer siku moja kabla, alale Mikumi. Wewe na binti mpande basi la asubuhi kesho yake. Hema na magodoro viende na basi, pikipiki ibaki nyepesi. Mkutane Iringa, mlale wote watatu kwenye kambi moja, usiku wa baridi sana mchukue chumba bila kubishana. Kisha pale ndipo apande na baba yake: saa 4 asubuhi jua likiwa limepasha, hadi Isimila na kurudi, kofia yake, glavu zake, mkataba wa kugonga goti. Kama jioni yake kifua kiko shwari, kesho yake Kalenga. Hizo ni safari za pikipiki kamili kwa mtoto wa miaka 9, na wewe upo karibu.

Pampu yake ya dawa isikae kwenye begi la mizigo hata siku moja. Ikae kifuani mwa baba, mfuko wa ndani wa jaketi, zipu imefungwa, na ya akiba kwako. Yeye mwenyewe ajue iko mfuko gani na aweze kuichomoa bila kuambiwa. Mfundisheni nyumbani, baba amekaa kwenye pikipiki, mtoto nyuma, glavu zimevaliwa, apitishe mkono mbele na kuifungua ile zipu. Binti yangu aliposoma barua yako alisema nikuongezee hili: siku ya basi mtoto akae upande wa dirisha la kushoto. Baba yake akichelewa kuondoka Mikumi, mtampita mahali fulani kati ya mibuyu, na atataka kumpungia mkono.